Kiyoyozi katika Gari Lenye Injini ya Kupandikizwa

Kata ya Pasua iko kusini mwa mji wa Moshi, upande ambao ardhi huteremka kutoka mlimani kuelekea mashamba ya miwa ya Arusha Chini. Katika miezi ya Januari na Februari, kabla ya mvua za masika, joto la mchana mahali hapo huweza kufikia nyuzi 33 za Sentigredi kivulini, na ndani ya chumba cha dereva cha gari lililosimama juani huzidi hapo kwa mbali. Dereva aliyemo humo anaweza kuiona theluji ya Kibo kupitia kioo cha mbele, lakini kuitazama hakumpunguzii jasho. Si ajabu, basi, kwamba wenye magari ya mizigo huwauliza mafundi kama inawezekana kufunga kiyoyozi katika gari ambalo halikuundwa nacho.

Swali hilo huwa gumu zaidi gari likiwa limekwisha kubadilishwa injini. Katika Afrika Mashariki jambo hili ni la kawaida. Land Rover nyingi za zamani, zilizokuja na injini za petroli au dizeli za Uingereza, leo zinatembea kwa injini za Isuzu, Nissan au Toyota. Mojawapo ya injini zinazotumika kwa kazi hiyo ni Isuzu 4JB1-T: dizeli ya silinda 4, yenye ujazo wa lita 2.8 na turbo. Injini hupandikizwa, lakini mara nyingi rejeta, altaneta na uwazi wa mbele ya gari hubaki vile vile vilivyokuwa. Hapo ndipo chanzo cha matatizo kilipo.

Wako wanaosema kwamba kiyoyozi ni anasa isiyomfaa mchukuzi wa ndizi na saruji. Hoja hiyo haina uzito mkubwa. Safari kutoka Moshi hadi Dar es Salaam ni ya zaidi ya kilometa 500, na sehemu kubwa yake hupita nyanda za joto za Same, Mombo na Korogwe. Mtu aliyepungukiwa maji mwilini na kuchoshwa na joto huchelewa kuona na kuchelewa kutenda, na breki zikichelewa kwa sekunde moja tu, gari liendalo kilometa 80 kwa saa huwa limekwisha kupita meta 22. Suala la kujadiliwa ni kama gari linao uwezo wa kumpa dereva ubaridi bila kuiangamiza injini.

Joto halipotei, huhamishwa

Kiyoyozi hakitengenezi baridi. Kazi yake ni kuchukua joto ndani ya chumba cha dereva na kulitupa nje. Kanuni yake ni ile ile ambayo Jacob Perkins aliipatia hataza nchini Uingereza mwaka 1834: kimiminika kinapogeuka kuwa mvuke hunyonya joto, na mvuke unapogeuka tena kuwa kimiminika huliachia joto hilo.

Gesi inayotumiwa katika magari mengi huitwa R-134a. Ikiachwa wazi katika kanieneo ya kawaida ya hewa, huchemka kwenye nyuzi 26 chini ya sifuri. Ikibanwa hadi kanieneo ya takriban bari 13, hugeuka kuwa kimiminika hata kwenye nyuzi 50 juu ya sifuri. Kompresa, inayozungushwa na injini kwa mkanda, huibana gesi hiyo hadi ipate moto. Gesi hupita katika kondensa iliyo mbele ya rejeta, ambako hulitoa joto lake kwa upepo na kuwa kimiminika. Kisha hupenya tundu jembamba la valvu, kanieneo hushuka ghafla, nayo huanza kuchemka ndani ya evaporeta iliyofichwa chini ya dashibodi. Joto la kuchemshia hutoka katika hewa ya chumba, na hewa hiyo humrudia dereva ikiwa baridi na kavu.

Magari ya kwanza kuuzwa yakiwa na mtambo wa namna hii yalikuwa ya kampuni ya Packard ya Marekani, ya toleo la mwaka 1940. Mtambo wao haukuwa na klachi ya kuitenga kompresa na injini. Aliyetaka kuuzima kabisa ilimbidi asimamishe gari, afungue boneti na kuutoa mkanda. Siku hizi klachi ya sumaku hufanya kazi hiyo kwa kubonyeza swichi, na umuhimu wake utaonekana hapa chini.

Hesabu ya joto

Mafundi wengi huanza kwa kutafuta mahali pa kuifungia kompresa. Ingefaa waanze kwa kuhesabu joto. Chukua mfano wa mtambo unaotoa kilowati 5 za joto katika chumba cha dereva, huku kompresa yake ikila kilowati 2 za nguvu ya injini. Kondensa lazima itupe vyote viwili, yaani kilowati 7. Kwa kuwa kondensa hukaa mbele ya rejeta, joto hilo halipotelei hewani moja kwa moja. Huingia kwanza katika upepo uleule ambao rejeta inautegemea.

Gari likienda kwa mwendo mzuri barabarani, tuseme kilo 1 ya hewa hupita katika rejeta kila sekunde. Kilowati 7 huipasha hewa hiyo kwa nyuzi 7 hivi, kwa hiyo hewa iliyoingia ikiwa na nyuzi 33 huifikia rejeta ikiwa na nyuzi 40. Maji ya injini yakiwa na nyuzi 90, tofauti ya joto kati ya maji na hewa imepungua kutoka nyuzi 57 hadi 50. Rejeta imepoteza takriban asilimia 12 ya uwezo wake. Rejeta nzima na safi huweza kuvumilia hasara hiyo.

Hali hubadilika gari likijikokota kwa gia ya kwanza likiwa na mzigo. Upepo ukipungua kwa nusu, hewa hupanda kwa nyuzi 14 na kuifikia rejeta ikiwa na nyuzi 47. Tofauti imebaki nyuzi 43, na rejeta imepoteza robo ya uwezo wake, mbali na hasara ya upepo wenyewe kupungua. Wakati huohuo injini inafanya kazi kwa nguvu zake zote. Rejeta iliyotengenezwa kwa ajili ya injini dogo ya zamani haiwezi kustahimili. Maji huchemka, silindahedi hupinda, gasketi huungua, na mwenye gari hupoteza injini kwa sababu ya ubaridi wa saa moja.

Turbo na mlima

Turbo huongeza ugumu wa pekee. Mswisi Alfred Büchi aliipatia hataza mwaka 1905. Ni pangaboi linalozungushwa na moshi wa injini, nalo hulizungusha pangaboi la pili linaloshindilia hewa katika silinda. Hewa ikishindiliwa hupata joto, na ndiyo maana injini nyingi za turbo huwekewa kipoza hewa ambacho mafundi hukiita intakula. Gari la namna hiyo huwa na vitu vitatu vinavyogombea upepo mmoja: intakula, kondensa na rejeta. Kilicho mbele hupata upepo wa baridi, na kilicho nyuma hupata masazo.

Kisha kuna mlima wenyewe. Mji wa Moshi uko kwenye mwinuko wa takriban meta 800 juu ya usawa wa bahari, ambako hewa ni nyepesi kwa karibu sehemu moja ya kumi kuliko ilivyo Tanga au Dar es Salaam. Kwenye meta 1,500, katika vijiji vya Marangu, upungufu huo hukaribia sehemu moja ya saba. Injini isiyo na turbo hupungukiwa nguvu kadiri inavyopanda, na kwa hiyo joto lake nalo hupungua. Injini ya turbo hairegei hivyo, kwa kuwa turbo huirudishia hewa iliyokosekana. Lakini hakuna kinachoirudishia rejeta hewa yake. Injini huendelea kutoa joto lilelile, na upepo wa kulichukua umekuwa mwepesi.

Hata hivyo mlima hutoa pia nafuu. Kwa kila meta 1,000 za kupanda, joto la hewa hupungua kwa nyuzi 6 hivi. Bonde lina joto jingi na barabara tambarare. Mteremko una barabara kali na hewa ya baridi. Kwa maneno mengine, mahali ambapo kiyoyozi ni hatari kwa injini ndipo dereva asipokihitaji sana. Dereva anayekizima pale Himo, kabla hajaanza kupanda kuelekea Marangu, na kufungua madirisha, ameondoa sehemu kubwa ya tatizo bila gharama yoyote. Kwa usalama zaidi fundi huongeza swichi ya joto inayoitenga kompresa yenyewe, maji ya injini yanapozidi kiwango kilichowekwa. Mwingine huipeleka kondensa juu ya paa, ikiwa na feni zake, kama ilivyo katika mabasi mengi. Hapo rejeta hubaki na upepo wake wote.

Mikanda na umeme

Kompresa ndogo za magari huvumilia mizunguko kama 6,000 kwa dakika. Dizeli ya aina iliyotajwa haizidi sana 3,600. Ikiwa puli ya injini ina kipenyo cha milimeta 150 na ya kompresa milimeta 125, kompresa itazunguka mara 1.2 kwa kila mzunguko wa injini: kama 4,300 kwa mwendo wa juu kabisa, na 900 injini ikinguruma taratibu kwa mizunguko 750. Hesabu hiyo ni salama. Kosa kubwa huwa katika kishikizo cha kompresa. Dizeli ya silinda 4 hutikisika sana, na chuma chembamba kilichochomelewa kwa haraka huvunjika. Puli nazo zisipokuwa katika mstari mmoja, mkanda huliwa ubavuni. Kompresa lazima ifungwe kwenye injini, kamwe isifungwe kwenye bodi, kwa kuwa viwili hivyo havichezi pamoja. Kwa sababu hiyohiyo, mabomba yaunganishwe kwa mipira maalumu inayokubali kupinda.

Umeme husahauliwa zaidi. Feni mbili za kondensa katika gari la volti 12 huweza kula ampea 20, feni ya ndani ampea 15, na klachi ya sumaku ampea 4. Jumla yake hukaribia ampea 40, hata kabla ya kuwasha taa. Altaneta nyingi za Land Rover za zamani hazikuzidi ampea 35. Bila altaneta kubwa, rilei na fyuzi kwa kila feni, betri itakufa au nyaya zitaungua. Ni lazima pia kuhakikisha kwamba koili ya klachi ni ya volti za gari lenyewe, kwa sababu vifaa vilivyotolewa katika malori makubwa huwa vya volti 24.

Gesi si ya kuchezea

Kwa miaka mingi viyoyozi vya magari vilitumia gesi ya R-12. Mwaka 1974 wanasayansi Mario Molina na Sherwood Rowland walionyesha kwamba gesi za jamii hiyo hupanda angani na kuiharibu ozoni, tabaka linaloikinga dunia na mionzi mikali ya jua. Mkataba wa Montreal wa mwaka 1987 ulizipiga marufuku kwa hatua, na nchi zinazoendelea zilitakiwa kuacha kuzitumia ifikapo mwaka 2010. R-134a haidhuru ozoni, lakini kilo moja yake huipasha dunia joto zaidi ya mara 1,000 kuliko kilo moja ya hewa ya ukaa. Ndiyo sababu mwaka 2016, mjini Kigali, mataifa yalikubaliana kuipunguza nayo. Fundi anayeifungulia hewani ili kubadili mpira mmoja anafanya uharibifu ambao haumlazimu, kwa kuwa mashine ya kuikusanya ipo.

Mtambo uliochukuliwa katika gari la zamani usijazwe gesi mpya bila kusafishwa, maana mafuta ya kulainisha ya R-12 hayachanganyiki na R-134a, na kompresa hufa kwa ukavu. Kabla ya kujaza, hewa na unyevu vinyonywe kwa pampu hadi maji yaliyofichika yachemke na kutoka. Tone la maji likibaki huganda katika tundu la valvu, au huzaa asidi inayokula chuma kutoka ndani.

Hatari iliyo kubwa kuliko zote ni kujaza gesi ya kupikia kwa sababu ni rahisi na hupoza vizuri. Gramu 300 za gesi hiyo zikivuja zote ndani ya chumba chenye ujazo wa meta 3 za ujazo, zitakuwa takriban asilimia 5 ya hewa yote. Gesi ya kupikia huwaka kuanzia asilimia 2. Cheche ya swichi inatosha.

Utaratibu unaofaa

Kwa hiyo kazi ianze na rejeta: isafishwe, ipimwe, na kama ni ya injini ya zamani ibadilishwe. Baada yake chumba cha dereva kizibwe matundu, ukuta wa upande wa injini na paa viwekewe kizuizi cha joto, na paa lipakwe rangi nyeupe. Hatua hizo peke yake hupunguza joto kwa kiasi kinachowafanya wengine waone kwamba hawahitaji tena kiyoyozi. Anayekihitaji bado ataweza kutumia mtambo mdogo zaidi, usioila injini sana. Hapo ndipo ifuate altaneta, kisha kompresa, kisha kondensa, na gesi iwe ya mwisho.

Gari likikamilika, jaribio lake lisifanywe katika barabara tambarare ya Pasua. Lipewe mzigo na kupandishwa mlimani wakati wa mchana, kiyoyozi kikiwa kimewashwa, na mtu mmoja akiwa hana kazi nyingine ila kuutazama mshale wa joto. Ukipanda na kukataa kutulia, mtambo uzimwe papo hapo, na kazi irudi kwenye rejeta.