Aspirini ya Kipimo Kidogo kwa Mjamzito Mwenye Selimundu

Aspirini imezoeleka mno. Huuzwa kwa bei nafuu, wakati mwingine hata kwenye duka la sabuni na chumvi, na mazoea hayo huwafanya watu waichukulie kuwa dawa isiyo na uzito. Mjamzito mwenye selimundu anapoandikiwa aspirini kliniki, huenda akarudi nyumbani na kuambiwa kwamba aspirini humwaga damu na haifai kwa mimba. Daktari na mshauri wa nyumbani wanataja jina moja la dawa, lakini hawazungumzii kipimo kimoja.

Mwanamke mwenye selimundu yumo katika hatari kubwa zaidi ya kupata shinikizo la damu la ujauzito linaloweza kuishia kwenye kifafa cha mimba, na mtoto wake huweza kudumaa tumboni. Shinikizo hilo kwa kawaida huonekana baada ya wiki ya 20, ilhali chanzo chake ni cha mapema zaidi, wakati mishipa ya kondo la nyuma inapojengeka. Aspirini kidogo hupunguza kunatana kwa chembe sahani za damu, na hivyo husaidia damu kupita vizuri kwenye kondo. Shirika la Afya Duniani linapendekeza miligramu 75 kwa siku kwa wajawazito walio katika hatari kubwa, zianzwe kabla ya wiki ya 20. Kliniki nyingi huanza wiki ya 12. Anayengoja hadi uso na mikono ivimbe amekwisha kupitwa na sehemu kubwa ya faida hiyo. Tunasisitiza pia kwamba kipimo hiki hakiondoi maumivu ya selimundu, wala hakichukui nafasi ya asidi ya foliki au kinga ya malaria.

Neno “ugonjwa wa damu” hubeba maradhi yasiyofanana. Mwenye damu inayoganda kupita kiasi, ambaye mimba zake zimekuwa zikiharibika kwa sababu hiyo, huweza kupewa aspirini pamoja na sindano za heparini. Mwenye chembe sahani chache, au mwenye hemofilia katika ukoo wake, anaweza kudhuriwa na kidonge hicho hicho. Anayebeba kinasaba cha selimundu bila kuugua hapewi aspirini kwa sababu hiyo peke yake. Kwa hiyo msigawane vidonge, hata kama mnahudhuria kliniki moja.

Dukani, swali la kwanza ni la miligramu. Kidonge cha kawaida cha maumivu kina miligramu 300, yaani mara nne ya kile cha 75. Ukikatiwa kipande cha pakiti kisicho na maandishi, au ukatiliwa vidonge kwenye bahasha tupu, huna njia ya kujua umenunua kipi. Dai kuona pakiti yenyewe, usome kipimo na tarehe ya mwisho wa matumizi. Usikate kidonge cha 300 kwa wembe ukitarajia robo sawasawa, haipatikani. Soma vilevile maandishi ya dawa za kichwa na mafua, kwani baadhi zina aspirini ndani yake, na mtu humeza mara mbili bila kujua. Kwa maumivu uliza kuhusu parasetamoli, na usinunue ibuprofeni wala diklofenaki bila ruhusa ya daktari.

Unyevu huiharibu aspirini. Vidonge vinavyonuka siki vimeanza kuoza na visitumike.

Meza dawa baada ya chakula. Kabla ya kuianza, mweleze daktari ikiwa una vidonda vya tumbo, pumu inayochochewa na dawa za maumivu, au mzio wa aspirini. Ukiwa unaitumia, nenda hospitali bila kungoja siku ya kliniki ukitokwa na damu ukeni, ukipata choo cheusi kama lami, ukiumwa sana kichwa, ukiona maruweruwe, au ukisikia maumivu makali chini ya mbavu. Usiiache mwenyewe kwa sababu unajisikia vizuri. Kliniki nyingine huisimamisha wiki ya 36, nyingine huiendeleza hadi kujifungua. Uamuzi ni wa daktari wako. Uchungu ukianza, beba pakiti uliyokuwa ukiitumia, umwonyeshe mkunga ukifika mapokezi.