Kabla ya Kubadilisha Meno, Pima Mzigo Wako

Ukishuka garini pale Mokowe, barabara imekwisha na bahari imeanza. Magunia ya unga, magodoro na abiria waliotoka Mombasa au Mpeketoni hutoka mikononi mwa dereva na kuingia mikononi mwa nahodha. Ng'ambo, katika mji wa kale wa Lamu, vichochoro ni vya watu na punda, na magari ni ya kuhesabu kwa vidole.

Dereva na nahodha wana kilio kimoja: mafuta yanamaliza faida. Na wote wawili wakienda kwa fundi, huenda wakapewa dawa moja: badilisha meno. Je, dawa hiyo yaponya? Tuanze na gari, kisha tuingie botini.

Difu hufanya nini?

Katikati ya ekseli ya nyuma ya gari la mizigo kuna uvimbe wa chuma ambao mafundi huuita difu. Ndani yake gia ndogo huzungusha gia kubwa, nayo huzungusha magurudumu. Gia ndogo ikiwa na meno 10 na kubwa 41, shafti itokayo kwenye giaboksi hulazimika kuzunguka mara 4.1 ili gurudumu lizunguke mara moja. Huo ndio uwiano wa difu.

Mfikirie punda. Akibebeshwa mawe ya kujengea hupiga hatua fupi za haraka. Akiwa hana mzigo hunyoosha miguu. Uwiano mkubwa ni hatua fupi: gari huvuta vizuri, lakini injini hupiga mbio hata mwendo ukiwa wa wastani. Uwiano mdogo ni hatua ndefu: injini hutulia, lakini nguvu ya kuvuta hupungua.

Mfano unaojulikana ni wa Land Rover. Zile za zamani za Series zilikuwa na difu ya 4.7. Range Rover ilipotokea mwaka 1970, yake ilikuwa ya 3.54, na tangu hapo wenye Series wengi ulimwenguni wamehamishia difu hiyo kwenye magari yao. Piga hesabu: kwa mwendo ule ule, injini iliyokuwa ikizunguka mara 3,000 kwa dakika sasa huzunguka kama mara 2,260. Imepungua kwa robo hivi.

Lakini usidhani kwamba mafuta nayo yatapungua kwa robo. Uzito wa gari ni ule ule, na upepo unaolipinga ni ule ule. Kinachookolewa ni nguvu iliyokuwa ikipotea ndani ya injini kwa vyuma kusuguana na kwa kuvuta hewa kila mzunguko. Katika lami iliyonyooka, kwa gari lisilo na mzigo mkubwa, faida ipo. Ukiingia katika mchanga huku umejaza mbao au maembe, injini hushindwa na gia ya juu, nawe hurudi ya tatu au ya pili. Hapo faida yote imekwisha, na klachi nayo yaungua.

Kuna mitego miwili zaidi. Kwanza, gari linaloendesha magurudumu yote manne lina difu mbele na nyuma. Ukibadilisha moja na kuiacha nyingine, siku utakayotia gia ya magurudumu manne kwenye lami utavunja vyuma. Pili, katika Land Rover hizo saa ya mwendo husoma shafti kabla ya difu. Ukiweka 3.54 bila kuirekebisha, safari ya kilomita 100 itaandikwa 75. Mwenye gari atapiga hesabu ya kilomita kwa lita na kudhani mafuta yameongezeka, kumbe ni saa inayomdanganya.

Difu ya baharini

Sasa tuvuke. Mashine ya boti inayofungwa nyuma ina gia zake kule chini majini, na katika nyingi za nguvu za farasi 15 hadi 40 uwiano ni karibu 2 kwa 1. Meno hayo kwa kawaida hayaguswi. Kinachobadilishwa ni rafadha, ambayo wengi huiita propela.

Rafadha ina vipimo viwili kwa inchi: upana, na pichi, yaani umbali ambao ingesonga mbele kwa mzunguko mmoja kama ingekuwa skrubu ndani ya mbao. Mashine ikizunguka mara 5,000 kwa dakika, rafadha huzunguka 2,500. Ya pichi 13 ingekwenda kilomita 49 kwa saa. Ya 11, karibu 42. Bahari si mbao, maji huteleza, kwa hivyo boti hupata pungufu ya hapo.

Anayetazama hesabu hiyo peke yake atakimbilia 13. Naye akiwa na boti nyepesi, huenda amefanya vyema. Lakini apakie abiria na magunia ya kwenda Mtangawanda, mashine haitafika 5,000. Itanguruma kwa sauti nzito, pua ya boti itainuka, mafuta yatafunguliwa hadi mwisho, na mwendo hautakuwapo. Mashine iliyokabwa hivyo hula petroli nyingi, hujaa masizi na huchemka. Kinyume chake, pichi ndogo mno huifanya izunguke kupita kiasi na kujiua yenyewe.

Mashua nzito ya mbao ndiyo kabisa haitaki pichi kubwa, kwani haipandi juu ya maji hata uifanyeje. Nahodha wake hupata nafuu kwa kupunguza mwendo kidogo, na kwa kuipandisha pwani ikakwanguliwa na kupakwa deheni.

Jipimie mwenyewe

Kabla ya kutoa fedha, soma kitabu cha mashine uone mizunguko inayokubalika ukifungua mafuta yote. Kisha pakia mzigo wako wa kawaida, usiende mtupu, na upime kwa kipima mizunguko. Kila inchi moja ya pichi hubadilisha kama mizunguko 150 hadi 200. Ikiwa mashine haifikii kipimo, punguza pichi, ikipita, ongeza. Baada ya hapo jaza tangi, nenda njia ile ile mara tatu kwa mzigo ule ule na maji yale yale, na uandike lita. Dereva naye afanye vivyo hivyo, akipima kilomita kwa njia anayoijua urefu wake wala si kwa saa ya gari pekee.

Usidharau jambo hili. Mvuvi wa Kizingitini huondoa gharama ya petroli kabla hajagawana pato na mabaharia wake. Mgonjwa anayeletwa hospitali ya King Fahd kutoka kisiwa cha Pate humtegemea nahodha ambaye mashine yake haitachemka katikati ya mkondo wakati wa kusi. Kwa hivyo fundi akikwambia ubadilishe meno, muulize swali moja kwanza: je, amewahi kuiona boti yako ikiwa imejaa?