PBCore: Kiwango Kinapoulizwa Mara Mbili

Ukifungua PBCore kwa mara ya kwanza, utadhani walioitunga walijisahau. Muda wa kipindi unaulizwa mahali pawili. Lugha, pawili. Kiwango nacho pawili, na jirani yake kuna kipengele cha usimbaji ambacho wengi hukijaza jibu lilelile. Wanaoorodhesha kanda na mafaili ya redio na televisheni hukwama hapo. Kila mmoja hujaza anavyoona yeye, na baada ya miaka michache katalogi haitafutiki tena.

PBCore ni utaratibu wa metadata, yaani wa kuandika habari za picha na sauti zilizohifadhiwa. Ilitungwa kwa ajili ya vituo vya utangazaji vya umma vya Marekani, kwa fedha za Corporation for Public Broadcasting, na toleo la kwanza likatoka mwaka 2005. Msingi wake ni Dublin Core, utaratibu mwingine wa metadata wenye vipengele 15 vya jumla. Vipengele hivyo havikutosha, kwa sababu kipindi kimoja cha televisheni huwa na kanda mama, kanda ya kurushia hewani na mafaili kadhaa, na kila nakala ina habari zake.

Ndiyo maana PBCore ina ngazi tatu. Ya juu ni kazi yenyewe: jina lake, inahusu nini, nani waliitengeneza. Ya kati ni nakala, iwe kanda rafuni au faili kwenye diski. Ya chini ni mikondo iliyomo ndani ya nakala: wa picha, wa sauti, wa maandishi. Anayejua yuko ngazi ipi hawezi kupotea sana.

Fundo gumu kuliko yote ni la kiwango. Katika ngazi ya nakala kuna instantiationStandard; katika ngazi ya mkondo kuna essenceTrackStandard. Tuchukue kanda ya U-matic ya mwaka 1978. Umbo lake, yaani U-matic, lina kipengele chake cha vitu vya kushikika. Mfumo wa mawimbi ya picha, ambao kwa Marekani ni NTSC na kwa kanda za Kenya au Tanzania ungekuwa PAL, unaandikwa kwenye instantiationStandard. Basi, kanda imekwisha.

Sasa kanda hiyohiyo igeuzwe kuwa faili. Hapa instantiationStandard inabadilika kazi: inataja kasha la faili, kwa mfano MXF. NTSC inashuka hadi essenceTrackStandard, kwa kuwa ni sifa ya mkondo wa picha. Namna picha ilivyobanwa, mathalani JPEG 2000, inakwenda kwenye essenceTrackEncoding. Kasha na usimbaji ni vitu viwili mbali kabisa: ukiona gunia sokoni hujajua kama ndani kuna mchele au maharage. Faili la QuickTime linaweza kubeba ProRes, H.264 au DV, na anayeandika “QuickTime” peke yake kwenye usimbaji hajamwambia fundi wa kesho atahitaji kodeki gani ili picha ifunguke.

Kipengele kimoja kubeba maana mbili, moja ya kanda na nyingine ya faili, ni udhaifu, na ufafanuzi wowote mzuri lazima useme hivyo waziwazi. Haitoshi kueleza kipengele kinapokea nini. Ueleze pia kisichopokelewa hapo, na umtume msomaji kwenye nafasi ya jirani.

Muda na lugha kuulizwa mara mbili, kwa upande mwingine, si udhaifu hata kidogo. Sauti ikiisha sekunde 40 kabla ya picha, tofauti ya muda kati ya mikondo ndiyo itakayokuonyesha kwamba kuna hitilafu. Kipindi chenye sauti ya Kiingereza kwenye mkondo mmoja na ya Kihispania kwenye mwingine kinastahili lugha zote mbili ngazi ya nakala, na lugha moja kwa kila mkondo. Tarehe nazo zifuate ngazi: mwaka 1978 ni wa kazi, mwaka 2014 wa kugeuza kanda ni wa faili. Zikichanganywa, mtafiti anayetafuta vipindi vya 1978 hatakiona kipindi hicho maisha yake yote.

Ngazi ya juu ina mgongano wa aina nyingine, nao hautatuliwi na ngazi. Aina ya kipindi na mada yake huingiliana: mahojiano ni umbo, siasa ni mada, lakini orodha nyingi za aina huyaweka pamoja. American Archive of Public Broadcasting, inayoendeshwa na Library of Congress pamoja na GBH ya Boston, iliamua kugawa aina katika makundi mawili, la umbo na la mada. Naunga mkono uamuzi huo. Mgongano mwingine ni wa vipengele vya mtunzi na mchangiaji: mtayarishaji aingie wapi ni suala la kila hifadhi kuamua, kuandika uamuzi wake na kuushika.

Kwa mafaili, kazi ya ngazi mbili za chini inaweza kupunguzwa. Programu ya MediaInfo husoma kasha, usimbaji, muda na ukubwa wa picha, kisha hutoa majibu katika mpangilio wa PBCore. Kwa kanda haiwezi kusoma chochote. Hapo mhifadhi atasoma lebo, ataicheza kanda mwenyewe na kujaza kwa mkono.