Picha mnato na picha jongefu katika ufundishaji

Picha mnato na picha jongefu ni aina mbili za vielelezo vya kufundishia na kujifunzia. Picha mnato hutulia mbele ya msomaji: mchoro wa kitabuni, ramani, chati ya manila, mchoro wa chaki ubaoni. Picha jongefu, kama vile katuni, huonyesha kitu kikisogea au kikibadilika.

Nchini Tanzania mfano unaojulikana wa picha jongefu ni Ubongo Kids, katuni inayotengenezwa Dar es Salaam na kurushwa kwenye televisheni tangu 2014. Hufundisha hisabati na sayansi kwa hadithi na nyimbo.

Wengi hudhani kwamba kinachotembea hufundisha kuliko kilichotulia. Mwaka 2002 Barbara Tversky, Julie Morrison na Mireille Bétrancourt walipitia majaribio yaliyosifu picha jongefu, wakaona kwamba mara nyingi ulinganisho haukuwa wa haki: picha jongefu ilibeba maelezo ambayo picha mnato haikupewa. Mwaka 2005 Richard Mayer na wenzake walilinganisha michoro ya karatasini na katuni zenye sauti, kwa mada kama radi na breki za gari. Michoro haikushindwa hata mara moja, na katika vipimo 4 kati ya 8 iliongoza. Hata hivyo Tim Höffler na Detlev Leutner, waliokusanya tafiti 26 mwaka 2007, walikuta picha jongefu zikiongoza kwa jumla, hasa katika kujifunza kazi za mikono.

Ugumu wa picha jongefu ni kwamba hupita. Mwanafunzi wa Makambako, mji wa malori, akitazama katuni ya injini ya dizeli, huwa bado anatafuta vali ilipo wakati pistoni imekwisha kushuka. Michoro minne iliyopangwa kwa mfuatano (kuvuta hewa, kuikandamiza, kuungua kwa mafuta, kutoa moshi) humpa nafasi ya kurudi nyuma. Na umeme ukikatika, chati hubaki ukutani.

Kubebesha miche ya parachichi, kazi ya kawaida mkoani Njombe, ni jambo jingine. Mchoro huonyesha kikonyo kilichochongwa, lakini hauonyeshi jinsi kisu kinavyoshikwa wala mkono unavyozungusha utepe. Hapo video fupi hufaa zaidi, mwalimu akiisimamisha kila hatua na kuwauliza wanafunzi kinachofuata kabla ya kuendelea.