Tathmini ya Hali ya Udongo na Maji ya Ardhini katika Eneo la Tangi la Mafuta Linalovuja: Mazingira ya Bariadi, Mkoa wa Simiyu

Ikisiri
Makala haya yanafafanua namna ya kutathmini udongo na maji ya ardhini mahali ambapo tangi la mafuta lililofukiwa linashukiwa kuvuja, kwa kuzingatia mazingira ya Bariadi. Hoja kuu ni kwamba udongo mweusi wa mbuga, ingawa hupitisha maji polepole, hauwezi kuhesabiwa kuwa kinga ya maji ya ardhini. Kwa hiyo, sampuli safi ya udongo iliyochukuliwa kando ya tangi haithibitishi kuwa maji ya kisima kilicho jirani ni salama.

1.0 Utangulizi
Mkoa wa Simiyu, uliomegwa kutoka Mkoa wa Shinyanga mwaka 2012, makao yake makuu yako Bariadi. Wakazi wake wengi hutegemea visima vifupi na virefu, hivyo kisima kinachoharibiwa na mafuta huacha pengo lisilozibika kwa urahisi. Kiasi kidogo tu cha mafuta hutosha kuleta madhara. Shirika la Afya Duniani limeweka kikomo cha benzini katika maji ya kunywa kuwa mikrogramu 10 kwa lita, kwa kuwa kemikali hiyo husababisha saratani. Lita moja ya petroli yenye benzini asilimia 1 kwa ujazo ina takriban gramu 8.8 za kemikali hiyo. Zikiyeyuka zote, zinatosha kufikisha lita 880,000 za maji kwenye kikomo hicho.

Hatari hii imekwisha kushuhudiwa Afrika Mashariki. Mwaka 2015, bomba la mafuta la Mombasa–Nairobi lilivuja katika eneo la Thange, Kaunti ya Makueni nchini Kenya, na mafuta yakachafua mto na maji yaliyotegemewa na wanavijiji. Uvujaji wa tangi la kituo cha mafuta huwa mdogo kuliko huo, lakini unaweza kuendelea kwa muda mrefu bila kuonekana.

2.0 Udongo na Mwamba wa Eneo
Katika miaka ya 1930, mtaalamu wa udongo Geoffrey Milne alieleza kuwa udongo wa Afrika Mashariki hubadilika kwa mpangilio kutoka kilele cha kilima hadi bondeni. Wasukuma wana majina yao ya hatua hizo: luseni ni udongo wa kichanga wa miteremkoni, itogolo ni udongo wenye tabaka gumu, na mbuga ni udongo mweusi wa mfinyanzi wa mabondeni. Kwa mtathmini, majina haya ni ramani ya awali. Katika luseni, mafuta hushuka upesi. Katika itogolo, tabaka gumu huweza kuyazuia na kuyaelekeza pembeni.

Mbuga ndiyo inayopotosha zaidi. Wakati wa masika udongo huu huvimba na kujifunga. Wakati wa kiangazi hupasuka, na nyufa zake hushuka kwa kina kirefu. Kuvimba na kusinyaa huko pia husukuma mabomba na kulegeza viungio vyake. Aidha, pale ambapo shimo la tangi na mitaro ya mabomba hujazwa mchanga, mchanga huo huwa njia nyepesi ndani ya mfinyanzi. Mafuta yanaweza kufuata mtaro na kutokea mbali, ilhali mfinyanzi ulio hatua moja kutoka kwenye tangi ukabaki safi. Chini ya udongo huo, sehemu kubwa ya maji hukaa katika matale yaliyochakaa na katika mipasuko yake, ambamo mwelekeo wa mtiririko haufuati mwinuko wa ardhi daima.

3.0 Hatua za Tathmini
Hatua ya kwanza ni kulinganisha mafuta yaliyopokewa, yaliyouzwa na yaliyosalia kwa vipimo vya fimbo ya tangi, kisha kuorodhesha visima vyote vya jirani na matumizi yake. Hatua ya pili ni kuchukua sampuli za udongo katika vina mbalimbali, ndani ya mchanga wa mitaro, kwenye nyufa na kwenye mpaka wa udongo na mwamba, si katika mfinyanzi mzima pekee.

Hatua ya tatu ni kuchimba visima vya uchunguzi visivyopungua vitatu, visivyo katika mstari mmoja. Mwinuko wa midomo yake ukipimwa pamoja na kina cha maji, mwelekeo wa mtiririko hukadiriwa. Kwa kuwa petroli huelea, unene wa tabaka lake hupimwa kabla ya maji kuchotwa. Sampuli za maji hujazwa katika chupa za kioo bila kuacha nafasi ya hewa na husafirishwa zikiwa baridi, kwani benzini hutoroka hewani. Katika joto la Simiyu, uzembe katika hatua hii hutoa majibu safi yasiyo ya kweli.

4.0 Kufasiri Matokeo
Maji yanapopanda na kushuka kwa msimu, mafuta yanayoelea hupaka udongo juu na chini ya usawa wa maji. Baadhi hunaswa chini ya maji wakati wa masika na hayaonekani kisimani, kisha huonekana tena kiangazi. Kwa sababu hiyo, duru moja ya vipimo haitoshi. Inahitajika angalau moja mwishoni mwa masika na nyingine mwishoni mwa kiangazi. Uamuzi wa kufungua tena kisima cha jirani usitangulie duru ya pili.

5.0 Hitimisho
Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inaweka msingi wa kumwajibisha mchafuzi, lakini uwajibikaji huo hutegemea ushahidi. Mahali penye mbuga, ushahidi unaokubalika ni ule unaozingatia njia halisi za mafuta, yaani mitaro, nyufa na mipasuko ya mwamba, na unaojumuisha misimu yote miwili. Pungufu ya hapo, ripoti inaweza kutimiza masharti ya kiutawala huku watu wakiendelea kunywa maji yaliyochafuka.