Hesabu za Mbio za Farasi: Je, Elimu Huiondoa Kamari?

Sifa zote njema anastahiki Allah, Mola wa walimwengu, na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), jamaa zake na Masahaba zake.

Ama baada ya hayo. Kijana mmoja aliyesoma Qur'ani kwetu utotoni alitujia baada ya sala ya Alasiri akiwa na daftari lililojaa tarakimu. Alikuwa amejitungia utaratibu wake wa kumkadiria farasi atakayeshinda mbio, na swali lake alilileta kwa adabu: "Sheikh, kamari ni kubahatisha. Mimi sibahatishi, napiga hesabu. Je, bado ni kamari?" Tulimwomba atuachie daftari siku chache. Wanachuoni wa usuli wamesisitiza kuwa kulihukumu jambo hutanguliwa na kulifahamu, na sisi farasi tulikuwa tunawajua kwa vitabu vya fiqhi tu.

Tulichokikuta ni hiki. Katika mbio za Uingereza na za nchi zilizofuata taratibu zake, ukiwemo uwanja wa Ngong ulioko Nairobi, farasi wengi hukimbizwa wakiwa na mizigo isiyolingana. Afisa wa mbio hutazama kila farasi alivyokimbia huko nyuma, kisha humbebesha hodari uzito mkubwa na dhaifu uzito mdogo, kwa vipande vya madini ya risasi vinavyotiwa kwenye tandiko, ili wote wafike karibu pamoja. Kazi hiyo Uingereza ilipata umaarufu chini ya Admiral Rous, aliyeishika mwaka 1855. Mbio za Melbourne Cup za Australia, zilizoanza mwaka 1861, zinakwenda kwa mtindo huu mpaka leo.

Mwenye kuweka fedha huifanya kazi ya afisa huyo kinyumenyume. Afisa anasawazisha, naye anatafuta palipobaki tofauti. Kijana wetu alikuwa na safu ya nafasi aliyoshika farasi katika mbio zake za karibuni, safu ya muda, ya masafa, ya uzito, ya ardhi kama ni kavu au tope, ya mpanda farasi, na ya siku za mapumziko. Kila safu aliipa alama, akajumlisha, kisha akaigeuza jumla kuwa sehemu ya mia. Tuseme farasi fulani amepata nafasi 20 katika 100. Malipo ya haki kwake ni shilingi 5 kwa kila shilingi 1 iliyowekwa. Yakitolewa malipo ya shilingi 7, kijana anaweka. Yakitolewa ya shilingi 4, anamwacha, hata kama farasi huyo ndiye bora kuliko wenziwe. Kumbe katika fani hii hatafutwi farasi mshindi, bali farasi ambaye watu wamemdharau kuliko anavyostahiki!

Tukiri kuwa ndani yake mna elimu. Mmarekani Andrew Beyer alieleza katika kitabu chake cha mwaka 1975 jinsi ya kusahihisha muda wa farasi, kwa kuwa njia ya mbio huwa nyepesi siku moja na nzito siku nyingine. Mwenzake Bill Benter aliingia Hong Kong katika miaka ya 1980 akiwa na kompyuta, akapata mali nyingi. Lakini katika maelezo aliyoyachapisha mwaka 1994, Benter alisema kuwa utaratibu wa namna hii unahitaji matokeo ya mamia ya mbio kabla ya kuaminika, na kwamba hesabu zake peke yake hazikutosha mpaka azichanganye na makadirio ya umma unaoweka fedha, kwa sababu umati unajua mengi yasiyoandikwa. Daftari la kijana wetu lilikuwa na mbio 41.

Kisha kuna jambo ambalo hakuliandikia safu. Katika mtindo ulioasisiwa Ufaransa na Joseph Oller katika miaka ya 1860, fedha zote hutiwa katika chungu kimoja, mwenye mchezo hukata fungu lake kwanza, na kinachobaki hugawiwa waliopatia. Hong Kong fungu hilo limekuwa 17.5 katika kila 100 kwa wanaotaja mshindi. Basi anayepata faida ameipata wapi? Farasi hakuzalisha kitu, na mwenye mchezo amekwisha chukua chake. Faida imetoka mfukoni mwa asiyejua hesabu.

Sasa tuje kwenye sharia. Mbio zenyewe hazina ubaya. Bukhari amepokea kutoka kwa Ibn Umar (R.A.) kuwa Mtume (S.A.W.) aliwashindanisha farasi waliofanyiwa mazoezi kutoka Hafya mpaka Thaniyyatul Wadaa, na wasiofanyiwa mazoezi kutoka Thaniyya mpaka msikiti wa Bani Zuraiq. Sufyan amekadiria masafa ya kwanza kuwa maili tano au sita, na ya pili maili moja. Ibn Umar mwenyewe alikuwa miongoni mwa walioshindana. Msomaji ataona kuwa kila kundi lilipewa masafa yanayoliwezekania, kwa hiyo hata lile wazo la kuwasawazisha farasi kwa uzito halina la kulaumiwa.

Zawadi nayo imeruhusiwa katika ngamia, farasi na mishale, kwa Hadithi ya Abu Huraira iliyomo katika Sunan. Imam Shafi'i aliufanyia mlango huu uchambuzi ambao Muzani amesema hakutanguliwa nao na mtu. Zawadi ikitolewa na kiongozi, au na mmoja tu wa washindani, inafaa. Wakitoa wote wawili imekuwa kamari, isipokuwa aingie baina yao wa tatu asiyetoa kitu, aitwaye muhallil. Malik katika kauli yake mashuhuri hakumkubali muhallil huyo. Ibn Taymiyya na mwanafunzi wake Ibnul Qayyim wakasema hahitajiki. Hitilafu hiyo inawahusu wenye farasi na wenye mishale. Mtazamaji aliyekaa na simu mkononi, asiyelisha farasi wala kumfunza, hayumo.

Na hapa ndipo jibu la swali lilipo. Kutupa mshale ni ustadi mtupu. Pamoja na hivyo, jamhuri ya wanachuoni hawakuwaruhusu watupaji wawili waweke fedha pande zote mbili bila muhallil. Lau ustadi ungeiondoa kamari, sharti hilo lisingekuwa na maana. Illa haimo katika kutojua. Imo katika mali kuwekwa ili mmoja apate kwa mwenzake kupoteza. Hata yule anayeshinda, Suratul Baqara aya ya 219 imekwisha taja kuwa kamari ina manufaa kwa watu na kwamba dhambi yake ni kubwa zaidi.

Kijana alinyamaza, kisha akauliza kuhusu fedha. Alichokuwa ameshinda tulimwambia asikile. Wenyewe hawajulikani, basi akitoe kwa mafakiri bila ya kutarajia thawabu ya sadaka. Lakini hakikufika mbali, kwa kuwa alichopoteza kilikuwa kikubwa zaidi, na sehemu yake ilikuwa ada ya chuo ya dada yake, aliyokabidhiwa na mama yao aipeleke. Hiyo ni amana, na toba peke yake haiifuti mpaka irudi. Tulikaa naye tukagawa deni kwa miezi, tukaliandika katika daftari lile lile, ukurasa unaofuata mbio ya 41. Anaanza kulipa mwezi ujao, inshaallah.

Wallahu a'lam.