Blanketi la viraka: makosa ya lile la kwanza na jinsi tulivyoshona la pili

Ndugu msikilizaji, ukipita jioni kwenye kibanda cha fundi cherehani, iwe Mikumi barabarani au Kilosa mjini, utaona kiroba kimejaa vipande vya vitenge vilivyobaki. Vingi huishia jalalani au kuwashia moto. Lakini vipande hivyo vinaweza kuwa blanketi la kukufunika kipupwe kizima, mradi uvishone vizuri.

Tunasema hivyo kwa sababu sisi wenyewe tulianza kwa kuvishona vibaya.

Miaka 6 iliyopita, sisi watangazaji tuliomba kiroba kimoja cha vipande tukashona blanketi la viraka. Pwani wana jina la kale la kitu cha namna hiyo: mfarishi. Lilikuwa zawadi kwa dada mmoja tunayefanya naye kazi studio, mtoto wake alipotimiza mwaka mmoja. Ulikuwa mwezi wa 6, na kwao ni upande wa milimani, ambako baridi ya alfajiri inauma. Siku ya kulikabidhi lilipendeza kweli, kila mtu akalisifia.

Baada ya kufuliwa mara tatu, blanketi lilikuwa limekwisha. Dada yetu hakusema neno. Tuligundua wenyewe tulipomtembelea, tukalikuta limekunjwa juu ya meza, analipigia pasi. Mtoto alikuwa amefunikwa khanga mbili.

Tuliona haya. Tukamwomba atuazime lile blanketi, tukalipeleka kwa mama mmoja ambaye ni fundi wa siku nyingi. Akalifumua upande mmoja, akatuonyesha kosa baada ya kosa. Haya ndiyo tuliyojifunza.

Kosa la kwanza: hesabu ya kiraka

Tulikata viraka 80, kila kimoja sentimita 10 kwa 10. Tulipanga 10 kwa urefu na 8 kwa upana, tukitegemea blanketi la sentimita 100 kwa 80. Tulipomaliza kuunganisha, tulipata kama sentimita 90 kwa 72. Zilizobaki zilikwenda wapi? Zimeliwa na mshono. Kila kiraka kinapoteza nusu sentimita kila upande, kwa hiyo cha 10 kinabaki 9.

Tena nusu sentimita ilikuwa ndogo mno kwa vitambaa vile. Kitenge chepesi hutoa nyuzi ukingoni. Kikifuliwa, nyuzi zinachomoka hadi zinaufikia mshono, na hapo mshono unaachia.

Dawa yake ni kuacha sentimita 1 kila upande. Ukitaka kiraka kionekane sentimita 10 baada ya kushonwa, kata cha sentimita 12. Usikadirie kwa macho. Kata boksi gumu liwe kipimo, liweke juu ya kitambaa, chora kwa chaki, ndipo ukate. Ukimaliza kushona mstari mmoja, ulaze mshono kwa pasi kabla ya kuunganisha na mstari unaofuata. Hapo ndipo kona za viraka zitakapokutana vizuri.

Kosa la pili: kuchanganya vitambaa bila kuvijua

Ndani ya kiroba kile mlikuwa na kitenge cha pamba, poliesta ya sare za harusi na vipande vya jezi. Sisi tuliangalia rangi tu. Tulipofua, pamba ilirudi, yaani ilisinyaa, poliesta ikabaki vilevile, na jezi ikavutika. Blanketi likajikunja kama karatasi iliyolowa. Juu ya hayo, kiraka chekundu kilitoa rangi kikachafua vyeupe vilivyokuwa jirani.

Pamba na poliesta hazifichani. Chomoa nyuzi chache, zishike kwa koleo au kibanio cha chuma, uziwashe mbali na watoto na mbali na kiroba chako. Pamba inaungua kama karatasi, inanuka kama karatasi, na jivu lake ni laini. Poliesta inayeyuka, na ikipoa inaacha kidonge kigumu. Weka pamba na pamba. Jezi iache kabisa mpaka mkono wako uzoee.

Kisha fua vipande vyote kabla ya kukata. Kitenge kipya kina wanga wa kiwandani unaokifanya kiwe kigumu, na ukishatoka ndipo unaona uzito wake halisi. Kama umefua mara tatu na maji bado yana rangi, kitenge hicho usikiweke karibu na cheupe.

Wakazi wa Kilosa si wageni wa pamba. Kituo cha utafiti wa kilimo cha Ilonga, jirani na mji wetu, kilishughulikia mbegu za pamba kwa miaka mingi. Kwa hiyo wapo wazee wanaoweza kuitambua pamba tupu kwa kuigusa. Waulizeni.

Kosa la tatu: tumbo la blanketi

Blanketi la viraka lina tabaka tatu: viraka juu, kijazo katikati na bitana chini. Sisi tulijaza sufi, ile inayotoka kwenye tunda la msufi, kwa sababu tuliipata bure. Sufi inafaa sana kwa mito. Lakini ndani ya blanketi, bila kuzuiwa kwa mishono ya karibukaribu, inatembea. Ikilowa inajikusanya. Yetu yote ilikimbilia kona moja. Sehemu nyingine zikabaki vitambaa viwili vitupu.

Yule mama alitushauri tuweke blanketi kuukuu au shuka zito lililochakaa, kwa sababu hilo halitembei. Tandaza bitana, kijazo, kisha viraka. Nyoosha vizuri, halafu piga bandi, yaani shikiza kwa mishono mirefu ya muda, kuanzia katikati kwenda pembeni. Baada ya hapo shona mistari inayopita tabaka zote tatu, angalau kila baada ya sentimita 10, kwa kufuata maungio ya viraka. Maliza kwa kukunja pindo pande zote, kisha fumua bandi.

Kama huna cherehani

Usikate tamaa. Kule India, katika jimbo la Karnataka, wako watu wanaoitwa Wasiddi. Ni watu wenye asili ya Afrika, ambao mababu zao walivushwa Bahari ya Hindi, na wengine wao walifikishwa Goa na Wareno kama watumwa. Wanawake wa Kisiddi wanashona blanketi za viraka zinazoitwa kawandi, kwa sindano ya mkono tu na kwa nguo kuukuu. Hawaunganishi viraka kwanza. Wanatandaza kitambaa cha chini, wanaanza ukingoni, wanashikiza viraka huku wakizunguka kuelekea katikati. Mshono wenyewe ni ule mfupi wa kuchoma na kutoa, na kila mzunguko unashika tabaka zote. Kwa njia hiyo hakuna kitu cha kutembea ndani.

Anza na kidogo. Sisi tulirudi nyuma, tukashona kwanza kifuniko cha mto chenye viraka 9, tukakifua, tukakikagua. Kisha kingine. Cha tatu ndicho kilichonyooka. Hapo ndipo tulipothubutu kushona blanketi la pili. Ukitaka kujifunza zaidi, muombe fundi wa jirani ukae naye, au ukaulize chuo cha VETA kilichopo Mikumi kama kuna mafunzo ya ushonaji yanayokufaa.

Blanketi la pili tulilipeleka mwaka uliofuata. Mtoto yule sasa yuko darasa la kwanza. Linamfikia magotini tu, lakini mama yake anasema hakubali kulala bila hilo.

Lile la kwanza hatukulitupa. Liko studio, na kila anayekuja kujifunza tunampa kwanza aligeuze, aone upande wa ndani. Nawe kama una la kwanza lililoharibika, usilifiche. Lifumue kona moja uone liliachia wapi. Kisha tuletee habari zake kipindini, nasi tutazisoma hewani.